Kwa miguu kutoka Mutukula hadi Namugongo, na kopo la faini

Hizi ni habari za hija yetu ya miguu kutoka Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, hadi Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya imani yao. Daftari langu liliingia maji kule Lwera, kwa hiyo siku nyingine nimezijenga upya kwa picha za simu na kwa kuwauliza wenzangu, ambao mpaka leo hawakubaliani hata mvua ilinyesha siku gani. Bei nilizoandika ni zile tulizolipa sisi. Ukienda wewe, ongeza kidogo. TSh ni ya kwetu, USh ni ya Uganda.

Tarehe 23 Mei: Bukoba hadi Mutukula

Hiace ilisema inaondoka saa moja, ikaondoka saa tatu na nusu, ilipojaa. Nauli TSh 6,000. Tulikuwa kundi dogo la parokia: katekista wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, Mama Mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nesi mmoja, vijana wa kwaya, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika matumizi.

Kyaka, dereva alisimama abiria wanunue maji. Daraja la mto Kagera ndilo lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, na wazee hawawezi kulivuka bila kulisimulia. Mwalimu hakusimulia vita. Alitoa kwenye mkoba kopo tupu la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa tundu la sarafu.

Mwaka wa nyuma, kundi la parokia yetu lilirudi kutoka hija likiwa vipande viwili visivyosalimiana. Hawakugombana kwa sababu ya fedha. Waligombana juu ya nani anasali kweli na nani amekuja kutembea. Mwalimu alikuwamo na hakutaka kuliona tena. Kanuni yake ilikuwa fupi: ukisema "yule" kwa habari ya imani ya mtu, mia tano kwenye kopo. Kama neno linakuwasha lazima litoke, lianze na "mimi".

Hatukufika hata Bunazi. Kiti cha mbele alikaa binti amevaa suruali ya jinzi, rozari shingoni. Mama Mwenyekiti akaninong'oneza, kwa mnong'ono wake ambao husikika mpaka sakristia: "Yule amevaa rozari kama cheni."

"Mia tano," akasema Mwalimu bila kugeuka. "Haya, Mama, sema tena kwa mimi."

Mama alinyamaza mwendo wa kutosha kupita vijiji viwili. Kisha akasema, "Mimi rozari nilifundishwa kwa fimbo. Inaniuma kumwona mtu anaivaa bila fimbo."

Hiace nzima ilicheka, na binti wa mbele pia. Mia tano akailipa.

Kwa watakaopita Mutukula: kituo cha mpakani ni cha pamoja, unagonga mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Usigonge upande wa Tanzania kwa mazoea ya zamani. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tuliulizwa wote. Fedha badilisha dukani, penye ubao wa bei. Wale wenye mabunda mkononi wanahesabu haraka kuliko macho yako. Kwa TSh 100,000 nilipata kama USh 140,000.

Tulilala ukumbi wa kanisa, sakafuni, bure. Mlinzi alituletea ndoo ya maji ya moto bila kuombwa.

Tarehe 24 Mei: Mutukula kuelekea Kyotera

Tulianza saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua na kabla ya malori. Barabara ni lami nzuri, lakini ukingo wa miguu ni mwembamba, na malori yanayotoka mpakani hayapunguzi. Tembeeni kwa mstari mmoja, upande unaoyatazama magari yanayokuja. Wa kwanza na wa mwisho wavae kizibao cha kung'aa.

Saa nne hivi, mabasi ya mahujaji yakaanza kutupita. Yalipiga honi, akina mama wakapunga vitambaa madirishani, nyimbo zikatoka zikapotea. Mara ya kwanza tulipunga. Mara ya tatu, kijana mmoja wa kwaya akasema, "Hao wanakwenda pikiniki."

Mia tano.

"Mimi basi," akasema, "miguu inaniuma, na wao wamekaa."

Hiyo ilikuwa kweli, na ingetosha. Lakini kuna kitu nilikiona ndani yangu siku ile ambacho kopo halikuweza kukidaka, kwa sababu hakikutoka mdomoni. Mtu anayetembea kwenda hija, kufikia kilomita ya kumi na tano hivi, huanza kupata hesabu kichwani: mimi nimetoa kiasi hiki, wao kiasi gani? Kila lengelenge linaandikwa kwenye daftari la ndani kama malipo yaliyotangulia. Nimewahi kufunga, nimewahi kukesha, nimewahi kuchangia ujenzi wa kigango. Hakuna kilichonipa majivuno ya haraka kama kutembea. Labda kwa sababu watu wanakuona. Wenye boda wanakupigia saluti. Watoto wanakukimbilia wakiita, "Abalamazi! Abalamazi!", yaani mahujaji. Na wewe unanyoosha mgongo.

Mwalimu, nilipomwambia, hakushangaa. Alisema kutembea ni dawa kali, na dawa kali lazima uiangalie inafanya nini tumboni. Kisha akaniomba plasta.

Dokezo la miguu: soksi mbili, ya ndani nyembamba. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuanza, si baada ya kuumia. Lengelenge likishajaa, nesi wetu alilitoboa kwa sindano iliyochomwa moto, akalikamua bila kung'oa ngozi, akafunga. Viatu vipya viacheni nyumbani. Kijana wa pikiniki alikuwa na viatu vipya.

Tulilala darasani kwenye shule ya msingi njiani. Mwalimu mkuu alifungua mwenyewe, akasukuma madawati ukutani, na mkewe akaleta sufuria ya matoke na maharage. Tulipotaka kulipa alikataa, akasema tukifika tumtajie mama yake mgonjwa. Tulimtaja.

Tarehe 25 na 26 Mei: Kyotera, Kalisizo

Mvua asubuhi, jua kali mchana, na barabara isiyokuwa na jambo. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, USh 2,000, chai USh 1,000. Katogo, ndizi zilizopikwa mchanganyiko, pale Kyotera USh 5,000, na kwa sisi Wahaya ilikuwa kama kula nyumbani.

Cha kusimulia ni yule bwana. Mnisamehe, hapa neno hilo halina faini. Alitukuta baada ya Kyotera, kofia ya hija kichwani, chupa ndogo ya pombe kali ya waragi mfuko wa nyuma, akasema na yeye anakwenda Namugongo. Aliimba litania kwa sauti nzuri ajabu, akiruka watakatifu anaowasahau. Akinywa. Akiimba. Mama Mwenyekiti alilipa mia tano tatu mfululizo bila hata kungoja kuambiwa, kama mtu anayenunua umeme wa luku.

Najua hadithi za namna hii zinavyokwenda: mlevi anayedharauliwa mwishowe ndiye anayembeba mgonjwa, na wacha Mungu wanaaibika. Huyu hakumbeba mtu. Alituomba chakula, akala, akalala chini ya mwembe, akaamka akatuomba tena. Alimkanyaga nesi mguu wenye jeraha. Kalisizo alipotea, na sijui kama alifika.

Nililitafakari zaidi ya mambo mengine ya safari. Kama angetufanyia wema, tungekuwa na sababu ya kutomhukumu, na sababu hiyo ingekuwa yake. Alivyokuwa, hakutupa sababu yoyote. Tulibaki na swali letu tu: kwa nini ulevi wake ulitupa raha? Maana ulitupa. Jioni ile kila mmoja wetu alijisikia mtakatifu kidogo, na hakuna aliyekuwa amefanya lolote zaidi ya kuwa mzima.

Tarehe 27 Mei: Masaka

Kutoka Kalisizo hadi Masaka ni mwendo wa siku nzima, karibu kilomita thelathini, na vilima vinaanza kukujua. Tulifika Kitovu, kwenye kanisa kuu la jimbo, jua likizama. Mapokezi yalikuwa yamepangwa: maji ya kuoga, turubai, uji wa moto, vijana wenye beji wakigawa nafasi. Kulala bure, tulitoa sadaka USh 20,000 kwa kundi zima na tukaona haya kwa udogo wake.

Mzee mmoja wa hapo, mkarimu kupindukia, alitukalisha akatupa historia. Jimbo lao, alisema, ndilo lililopata askofu Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu katika kanisa la Kilatini: Joseph Kiwanuka, mwaka 1939. Alisema tarakimu hizo taratibu, zituingie vizuri.

Mama Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Hongereni sana, ssebo," akasema, yaani bwana. "Kwetu Bukoba alitoka kardinali Mwafrika wa kwanza. Laurean Rugambwa. 1960."

Mzee akasema Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi, kwetu Bukoba, mwaka 1892 wakitokea Uganda. Maana yake: imani sisi ndio tuliowaletea. Kijana wa kwaya akauliza Namugongo kama hakuna shahidi Mtanzania, akaambiwa hakuna. Mzee akamtaja Bruno Sserunkuma, mwana wa Buddu, eneo hilohilo la Masaka. Sisi hatukuwa na wa kumtoa.

Mwalimu alikuwa akicheka mpaka machozi. Alizungusha kopo kwa wote, mgeni na mwenyeji, na yule mzee, alipoelezwa kanuni, akatia noti ya USh 1,000 akasema elfu moja kwa sababu yeye alianza.

Lakini alipomaliza kucheka aliongeza jambo juu ya Sserunkuma. Huyu shahidi, alisema, husimuliwa kuwa alikuwa mtu wa hasira za karibu. Angekuwa mwanajumuiya wetu, tungemjadili kila Jumamosi baada ya sala, na tungekuwa sahihi kuhusu hasira zake.

Tarehe 28 Mei: Masaka hadi Lukaya

Lukaya ni pale mabasi yanaposimama na wauzaji wakayazingira na mishikaki, vipapatio vya kuku na gonja, ndizi iliyochomwa. Gonja tatu USh 2,000. Ukisikia harufu yake baada ya siku nzima ya miguu, utalipa yoyote.

Nesi alitoa noti ya USh 20,000, akarudishiwa chenji pungufu kwa elfu tano. Muuzaji akaapa amerudisha yote. Nesi, kwa heshima ya kopo, akaondoka kimya. Mwalimu akamrudisha: "Nenda kachukue chenji yako, dada. Hiyo siyo hukumu, hiyo ni hesabu." Akaenda, akahesabu mbele yake noti moja moja kwenye trei ya gonja, akapewa elfu tano yake na kipande cha gonja juu.

Nalitaja kwa sababu wengi wakisikia "usihukumu" wanadhani ni kufumba macho. Kuna waliofanyiwa mabaya makubwa kuliko chenji, hata ndani ya kanisa, wakaambiwa wasihukumu. Hilo ni kulinda mkosaji. Kusema jambo limetendeka, kwa aliyetenda, mahali panapohusika, ni haki. Ambacho kopo letu lilikuwa linakikamata ni kingine: kuingia moyoni mwa mtu asiyekuwepo na kumpangia daraja mbele ya Mungu, huku ukijipa wewe daraja la juu yake bila kulitaja. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu kuiona. Mimi nilianza kuifuatilia kama nesi anavyofuatilia homa: kila neno "yule" likinijia, naangalia limenipandisha wapi.

Tarehe 29 Mei: Lwera

Kinamasi pande zote, mafunjo, na Ziwa Viktoria likichungulia upande wa kulia. Hakuna kivuli. Upepo unatoka ziwani na vumbi la malori ya mchanga. Bebeni maji lita mbili kila mtu kutoka Lukaya. Mvua ikikushika hapa hakuna pa kukimbilia. Ilitushika, na ndipo daftari lilipoharibika. Daraja la mto Katonga ndilo lililofungwa Mei 2023 baada ya maji kulila. Tulilivuka kwa mstari mmoja, haraka.

Tulikuwa tumejibanza chini ya turubai la muuza samaki, ambaye alisogeza beseni zake tupate nafasi, gari dogo lenye spika likasimama. Mhubiri akashuka na mwavuli. Alikuwa anajua Kiswahili, akaamua kukitumia kwetu. Tunaabudu sanamu, akasema. Tunaomba wafu. Miguu yetu inatupeleka jehanamu kilomita kwa kilomita. Aliendelea hivyo dakika nyingi, kwa upole wa kuudhi.

Nataka niwaambie kilichotokea kichwani mwangu. Nilimjibu kwa Maandiko, sura na aya, ndani kwa ndani, vizuri kuliko nilivyowahi kujibu katekesi. Nikamwonea huruma ya kumdharau. Nikapanga jinsi nitakavyomsimulia. Sala zangu zote za asubuhi hazikuwa na umakini wa namna ile. Ukitaka kuijua nafsi yako imelala wapi, subiri mtu akuhukumu. Itaamka yenyewe na itasema jina lake.

Mwalimu alivua kofia. "Asante, baba," akamwambia. "Tuombee kweli. Na mimi nikifika nitakuombea. Jina lako nani?"

Mhubiri alisita, akataja jina. Mvua ikapungua. Aliondoka bila kumaliza, na aliacha kwa muuza samaki chupa tatu za maji kwa ajili yetu. Siyachambui hayo maji. Tuliyanywa.

Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, kuna duara mbili nyeupe za saruji ambazo kila mtu hupigia picha. Ni kama kilomita sabini na mbili kutoka Kampala. Vijana hapo watakuonyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni, kwa malipo. Nendeni mkaone mkipenda. Sisi tulitafuta chumvi na maji ya moto. Chumba cha kulala watu wanne USh 25,000, na kuku wakali uani.

Tarehe 30 na 31 Mei: Mpigi hadi Rubaga

Siku mbili za kusukuma. Mpambire, karibu na Mpigi, ngoma zimepangwa kando ya barabara kwa ukubwa, na kijana mmoja alituchezea bila kudai chochote mpaka miguu ikasahau. Kuanzia Nsangi magari yanajaa, moshi unaingia, na waendesha boda wanataka kukupakia kwa nguvu za huruma. Mama Mwenyekiti, ambaye goti lilikuwa limevimba, alikubali kupanda kutoka Kyengera mpaka Rubaga, USh 7,000. Kopo ndilo lililolipa. Faini zetu zote za "yule" zikampandisha boda.

Alilia kabla ya kupanda. Si kwa goti. "Nitawaambia nini nyumbani?" aliuliza. "Nimetembea, au sikutembea?"

Hakuna aliyemjibu vizuri. Kijana wa kwaya alisema, "Sema umefika, Mama."

Usiku, Rubaga, Mwalimu alitusimulia Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Nakivubo mwezi Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki. Nakivubo hiyo leo watu wanaijua kwa soko na uwanja wa mpira. Alikuwa mkubwa wa watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, naye aliikemea ikulu waziwazi kwa mauaji ya askofu Hannington, ambaye wala hakuwa Mkatoliki. Alipopelekwa kuuawa, ujumbe aliomwachia Mwanga ulikuwa na sehemu tatu: umeniua bila haki, nimekusamehe, na utubu, la sivyo nitakushitaki mbele ya Mungu. Mwalimu alirudia zile sehemu tatu. La kwanza ni la kitendo, mtu alilisema waziwazi. La pili ni msamaha. Na la tatu, hukumu yenyewe, alimwachia Mungu.

Tarehe 1 na 2 Juni: Namugongo

Kutoka Rubaga kukatiza mji hadi Kireka na kupanda Namugongo ni mwendo wa nusu siku, lakini msongamano unaifanya nzima. Ulinzi mlangoni ni mkali: visu, hata vya kumenyea ndizi, vinachukuliwa. Mkeka USh 10,000, choo USh 500, maji ya kuoga USh 1,000. Simu fungieni mfuko wa ndani. Kaeni karibu na alama isiyohamishika. Sisi tulichagua mti, na maelfu wengine walichagua mti huohuo.

Basilika ni kama nyumba kubwa ya msonge ya Kiganda iliyonyanyuliwa juu ya nguzo, na nguzo ni 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Altare iko pale shahidi Karoli Lwanga alipochomwa kwa moto wa polepole, akitengwa na wenzake, tarehe 3 Juni 1886.

Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu, na kulikuwa na padri wa Kiswahili, ulizeni wenye beji. Mama Mwenyekiti alitoka akicheka peke yake. Padri, alituambia, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza: "Za jirani zimekwisha, Mama? Sasa tuanze zako."

Tarehe 2 nilikwenda eneo la Waanglikana, Nakiyanja, umbali wa kutembea. Vijana wetu wawili hawakutaka kuja. Si letu, walisema. Kuna jumba la kumbukumbu lenye sanamu za wafungwa, wauaji na mafungu ya matete, na Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye kati ya aliowachoma alikuwamo Mbaga Tuzinde wa nyumba yake mwenyewe. Waanglikana wanawakumbuka mashahidi 23. Tarehe ile ya 3 Juni baadhi yao waliungua pamoja na Wakatoliki, moto mmoja. Na kabla yao wote, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa I aliwaua vijana Waislamu waliokataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria yao.

Nilikaa hapo kwenye benchi na mama Mwanglikana wa Mukono, akanigawia karanga. Aliuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, kwa miguu tangu mpakani. Sikuulizwa habari ya miguu. Iliruka yenyewe.

"Mimi nimekuja na teksi," akasema. "Karibu karanga."

Tarehe 3 Juni

Misa ndefu, jua kali, umati usio na mwisho. Aliyekaa mbele yangu alikuwa kwenye simu tangu Utukufu mpaka mahubiri. Neno likanijia, likafika ulimini, nikasikia kopo likilia mkobani mwa Mwalimu kwa kuwa alikuwa anahama kivuli. Nikasogea upande, nikaiona altare vizuri zaidi. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anatafsiriwa misa kwa maandishi na binti yake, kwa kuwa hasikii. Lakini nakiri hata angekuwa anatazama mpira, altare ilikuwa palepale.

Maji ya ziwa la mashahidi: nendeni mkachote alfajiri. Mchana mtasukumana.

Tarehe 4 Juni na kurudi

Basi Kampala hadi Bukoba, USh 70,000, likachelewa saa nne kwa sababu ya gurudumu. Abiria mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, alitununulia wote soda wakati wa kungoja. Mpakani, kituo kile kile cha pamoja, safari hii jengo la upande wa Tanzania.

Ndani ya basi ndipo lilipoanza suala la fulana. Vijana walikuwa wameshaagiza kwa simu: fulana nyeupe, mgongoni "NAMUGONGO KWA MIGUU", TSh 15,000 moja. Swali: Mama Mwenyekiti apewe? Na wale wanaparokia waliokwenda kwa basi, ambao walituletea magodoro hadi uwanjani? Mwalimu alisema yeye havai. Kijana wa viatu vipya akasema aliyetembea ametembea, huo ni ukweli, siyo majivuno. Ilijadiliwa Kyotera, ikajadiliwa Mutukula, na Kyaka ilikuwa bado inajadiliwa. Kopo lilipokea nyingi kuliko siku yoyote ya barabarani.

Mwishowe paroko aliamua: fulana ziandikwe "NAMUGONGO" na mwaka, basi, na kila aliyekwenda kwa njia yoyote anunue akitaka. Wapo wanaonung'unika hadi sasa. Nami nimo kundini mwao. Bado naona "KWA MIGUU" yalikuwa maneno mazuri, na nimeshalipa mia tano kwa kuyasema.